Babu Alipanda Bara Asirudi: Jina Lake Tulitafute Wapi?

Katika nyumba nyingi za Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga, haikosi kupatikana hadithi ya mtu mmoja aliyepanda bara. Huambiwa alikuwa ndugu wa babu, au babu mwenyewe, aliyefuatana na msafara wa pembe, au aliyekwenda na reli, au aliyeandikwa uaskari. Aliaga akasema atarudi kabla ya mfungo. Hakurudi. Zikaja salamu mara moja mbili kwa mdomo wa wasafiri, kisha zikakatika.

Na huko juu, katika Nakuru, Naivasha na Eldama Ravine, ziko nyumba nyingine zenye nusu ya pili ya hadithi hiyo hiyo. Babu alitoka pwani, au alitoka Sudan, au alikuja na jahazi kutoka Karachi. Akaoa huku, akazaa huku, na kaburi lake liko huku. Lakini jina la mtaa wake, la mamake na la nduguze, hakuna tena alijuaye.

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Lakini asiyeiacha asili, bali asili imempotea, huyo tumwiteje?

Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Kwa Muislamu, nasaba ina hukumu zake. Mirathi haigawiwi mpaka warithi wajulikane, ndoa haifungwi mpaka ijulikane nani ni maharimu wa nani, na Qurani Tukufu, katika Sura ya Ahzab, imetuamrisha kuwaita watu kwa majina ya baba zao. Tena katika nchi yetu, jina la babu limekuwa likiulizwa na serikali pia. Wako wazaliwa wa Kenya, Waislamu wa miji ya bara na wa mwambao, ambao kwa miaka mingi walipokwenda kuomba kitambulisho waliambiwa wathibitishe kwanza babu yao alikuwa nani na alitoka wapi. Basi tuulize: jina hilo limeandikwa wapi?

WENZETU NA VITABU VYAO

Wazungu walioingia Bonde la Ufa walikuja na vitabu vyao. Huko Uingereza, tangu mwaka wa 1538, kila kanisa la mtaa liliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Hesabu ya watu ilianza kufanywa kila baada ya miaka kumi tangu 1801, na kutoka 1841 majina ya watu wa kila nyumba yakawa yanaandikwa. Makaratasi hayo hufungwa kwa miaka mia, kisha hufunguliwa kwa wote. Ya mwaka 1921 yalifunguliwa Januari 2022, na kila mjukuu akaweza kumwona babu yake, nyumba aliyolala na kazi aliyofanya. Hata huko lakini karatasi haiaminiki moja kwa moja: ile hesabu ya mwaka 1931 yote iliteketea kwa moto mwaka 1942.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Makaburu. Mwaka 1908 watu zaidi ya mia mbili waliteremka Mombasa kutoka Afrika ya Kusini, wakapanda gari la moshi mpaka Nakuru, wakapiga kambi hapo na kutengeneza magari yao ya ng'ombe. Mwezi wa Agosti wakang'oa kambi, wakakata misitu na matope mpaka nyanda za Uasin Gishu. Wengi wa wajukuu zao walikwisha kuondoka Kenya ilipopata Uhuru. Hata hivyo mjukuu huyo, popote alipo leo, hashindwi kujua ukoo wake, kwa sababu makanisa yao huko Rasi yalianza kuandika ubatizo tangu karne ya 17. Akilijua jina la babu mmoja tu, kitabu humpeleka kwa babu wa babu yake.

Sasa msomaji atauliza: je, mjukuu wa mpagazi, wa askari au wa fundi wa reli, naye hawezi kufuata njia hiyo? Jibu ni kwamba anaweza, ila nusu ya njia tu. Na ni lazima kwanza ajue aliyeshika kalamu alikuwa nani na alitaka nini.

HESABU YA WATU ILITUHESABU VIPI?

Katika Kenya, hesabu za kwanza za serikali ya mkoloni, za mwaka 1911, 1921, 1926 na 1931, zilikuwa za Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu na wengineo waliowekwa katika fungu la wasio wenyeji. Mwafrika hakuandikwa nyumba kwa nyumba. Alikadiriwa kutokana na vitabu vya kodi. Hesabu ya kwanza ya watu wote ilifanywa mwaka 1948. Ikafuatwa na ya 1962, kisha ya kwanza baada ya Uhuru mwaka 1969, na tangu hapo kila baada ya miaka kumi mpaka ile ya 2019.

Hata hizo usidhani utaingia ofisini ukaomba kuonyeshwa karatasi ya babu yako. Kilichochapishwa ni jumla: wanaume kadha, wanawake kadha, kabila kadha. Ndani ya hesabu utaliona kabila, mtu mwenyewe humwoni.

Uandikishaji wa vizazi na vifo nao ulikwenda kwa tabaka. Ulikuwa lazima kwa Wazungu tangu 1904, na kwa Wahindi tangu 1906. Kwa Waafrika haukuenea nchi nzima mpaka mwaka 1971. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu aliyezaliwa Bondeni, ule mtaa wa zamani wa Nakuru, katika miaka ya 1920, huenda hana karatasi yoyote ya kuzaliwa. Alichonacho ni kumbukumbu ya mkunga, na aliyemsomea adhana sikioni.

NJIA YA PEMBE

Watu wetu walifika huko kabla ya reli na kabla ya bendera ya Mwingereza. Misafara ya pembe kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikipita Naivasha na Nakuru mpaka Njemps, kusini ya ziwa Baringo, ambako wapagazi walipumzika na kununua chakula. Joseph Thomson, yule Mskochi ambaye vitabu vya shule humwita mvumbuzi wa njia ya Umasaini, alipotoka Mombasa mwezi wa Machi 1883, hakuwa akiivumbua njia. Alifuatana na Jumbe Kimameta, mfanya biashara ya pembe wa Pangani, ambaye njia hiyo alikwisha kuikanyaga. Miaka minne baadaye Jumbe huyo huyo alikwenda na Hesabu Teleki wa Hungaria mpaka ziwa Turkana.

Jina la Jumbe Kimameta limo vitabuni kwa sababu alikuwa kiongozi. Mpagazi aliyebeba mzigo nyuma yake hana bahati hiyo. Yeye huenda yumo katika orodha ya mishahara, kwani kila msafara mkubwa ulikuwa na daftari la majina: fulani amechukua posho ya miezi kadha, fulani amekimbia, fulani amekufa. Misafara mingi ya Wazungu iliajiri watu Unguja, mbele ya balozi wa Kiingereza. Ndiyo maana anayemtafuta mpagazi wa Bonde la Ufa pengine itampasa aanzie Unguja, katika Nyumba ya Nyaraka iliyopo Kilimani.

Na wako waliokufa bila kuandikwa. Mwezi wa Novemba 1895 msafara mkubwa ulikuwa ukirudi kutoka kituo cha Ravine, ambako ulikuwa umepeleka vyakula. Ulipofika bonde la Kedong, kusini ya Naivasha, ukatokea ugomvi na Wamasai, na wapagazi ndio waliolaumiwa kwa kuwachokoza. Wamasai wakaushukia msafara kwa mikuki. Waliouawa walikuwa zaidi ya 600, wengi wao Wakikuyu, na pamoja nao Waswahili wapatao mia. Mzungu mmoja, mchuuzi Andrew Dick, alikwenda kulipiza kisasi naye akauawa. Jina la Dick limo katika kila kitabu cha historia ya Kenya. Wale Waswahili mia, tafuta majina yao uone. Bila shaka wako wazee pwani ambao bado wanangojea habari za baadhi yao, kwa kurithi kungojea kwa mama zao.

KARANI WA RAVINE

Eldama Ravine yenyewe ni kituo chenye mafunzo makubwa kwa mtafutaji. Katika miaka ya 1890 ilikuwa ngome ya serikali katika njia ya Uganda, na mkubwa wake kwa miaka kadha alikuwa James Martin. Huyu hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mmalta, jina lake la asili Antonio Martini, baharia aliyekuja kufuatana na Thomson mwaka 1883. Alizungumza lugha nyingi, na Kiswahili kikiwemo, lakini kusoma na kuandika hakujua, na kutia sahihi yake ilikuwa kazi kubwa. Basi fikiri, msomaji: serikali ya Ravine ilikuwa mikononi mwa bwana asiyeandika, na barua na hesabu zilipita mikononi mwa makarani wake. Ukiona jina la babu yako limeandikwa vibaya katika karatasi ya zama hizo, usishangae. Shangaa kwamba limeandikwa.

Ravine ndiko walikokuwa askari wa Kisudani, mababu wa Wanubi wa leo. Asili yao ni jeshi la Emin Pasha huko Ikweta, kusini ya Sudan. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta karibu na ziwa Albert pamoja na mkubwa wao Selim Bey, akawachukua kuwa askari wa Uganda. Mwezi wa Septemba 1897 waliitwa Ravine wafuatane na Meja Macdonald katika safari ya mbali. Mishahara yao ilikuwa midogo na yenye kuchelewa, walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, na sasa wakaambiwa waache wake na watoto nyuma. Wakakataa. Risasi zikalia Ravine, na maasi yakaenea mpaka Busoga. Wengine walibaki watiifu, na mwaka 1902 wakaingia katika jeshi jipya la King's African Rifles. Walipostaafu wakapewa mahali pa kukaa, wengine Kibera, wengine hapo hapo Ravine.

Na hapa liko jambo ambalo limewapotezea watafutaji wengi siku zao. Mpaka tarehe 1 Aprili 1902, Naivasha, Nakuru, Ravine na Kisumu zilikuwa sehemu ya Uganda. Ukimtafuta askari wa Ravine wa mwaka 1896 katika majalada ya Kenya, unatafuta jahazi jangwani. Karatasi zake ziko katika majalada ya Uganda, na nakala za barua ziko London.

KITABU CHA KANISA NA MTOTO WA KIISLAMU

Kitabu cha kanisa kinamhusu nini mtoto wa Kiislamu? Kinamhusu zaidi ya anavyodhani. Kila mkazi wa Mombasa anapajua Kengeleni. Kengele ile ni ya Frere Town, mji uliojengwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokamatwa baharini na manuwari za Kiingereza, miaka miwili baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa. Humo waliletwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na pamoja nao wale waliolelewa Nasik huko Bara Hindi, walioitwa Waafrika wa Bombay. Rabai nako walikimbilia watumwa wengi kutoka mashamba ya pwani. Walipodaiwa na mabwana zao, Kampuni ya Kiingereza ililipa fidia, na siku ya mwaka mpya 1889 watu 1,421 wakapewa hati za uhuru.

Watu hao hawakukaa pwani wote. Walikuwa wapagazi, wakalimani, mafundi na makarani, nao wakapanda bara. Mwaka 1885 Askofu Hannington alipotoka Rabai na kulikata Bonde la Ufa kuelekea Busoga, alikouawa, msaidizi wake alikuwa padri William Jones, Myao aliyekuwa mtumwa. Ni Jones aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia. Wengine katika watu wa namna hiyo walifikia miji ya bara, wakaishi na Waislamu wenzao wa pwani, wakaoa humo, wakasilimu. Kwa hiyo haikosi familia ya Kiislamu ya Nakuru ambayo babu yake alikuwa na jina la kubatizwa katika daftari la Frere Town, na dada yake alibaki Mkristo wa Rabai. Ndugu wa damu hao, huku wakiswali na kule wakiimba kanisani, wala hawajuani.

Daftari la ubatizo lina tarehe, jina la mtoto au la mtu mzima aliyebatizwa, majina ya wazazi, mahali wanapokaa na kazi ya baba. Daftari la ndoa ni bora zaidi, kwani huuliza baba za pande zote mbili. Lakini kwa aliyeibwa akiwa mdogo, nafasi ya baba mara nyingi ni tupu. Usiipite nafasi hiyo upesi. Kutokuwepo kwa jina ni habari pia: yatuambia kwamba mtoto huyu alikuja peke yake. Barua na taarifa za wamisionari hao zimewekwa leo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, huko Uingereza.

Sheria ya kuondoa utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907, na wenye watumwa wakaruhusiwa kudai fidia mahakamani. Hapo tena yaliandikwa majina. Najua kwamba habari hizi ni ngumu kuzungumzwa katika baadhi ya nyumba zetu, upande wa waliomiliki na upande wa waliomilikiwa. Lakini Mwenyezi Mungu hakumfanya mtu bora kuliko mwenziwe ila kwa uchaji Mungu, na aliyeficha asili ya babu yake hakumwondolea babu aibu, alimwondolea jina.

MAJINA YANAYOPOTEZA NJIA

Anayefungua madaftari ya zamani na ajihadhari na mambo manne.

La kwanza ni jina la "bin Abdalla". Aliyesilimu ukubwani, au aliyekuwa mtumwa asiyejulikana babake, mara nyingi alipewa baba wa jina tu, akaitwa fulani bin Abdalla, yaani mwana wa mja wa Mungu. Ukikuta Juma bin Abdalla, usikimbilie kumtafuta Abdalla. Huenda Abdalla huyo hakuwahi kuzaliwa.

La pili ni majina ya kitumwa na ya uaskari. Mabruki, Feruzi, Baraka, Almasi, Songoro na Farajalla walikuwa kwa makumi katika kila msafara na kila kombania. Jina peke yake halitoshi. Lazima liende na mwaka, mahali na kazi. Tena karani wa Kizungu au wa Kigoa aliandika alivyosikia, hivyo Farajalla mmoja aweza kuwa na sura tano katika majalada matano. Soma kwa sauti, usisome kwa macho tu.

La tatu ni neno "Mswahili". Huko bara, kila aliyevaa kanzu na kuswali aliandikwa Mswahili, hata akiwa Mnyamwezi, Mmanyema au Mkamba aliyesilimu juzi. Basi usiseme, "Babu ameandikwa Mswahili, kwa hiyo ni mtu wa Mvita." Vile vile usiseme si wa Mvita kwa sababu ameandikwa Msudani, maana waliokaa kambi moja walichanganyika.

La nne ni tarehe. Wazee wetu walihesabu kwa Hijra. Mzee akikuambia babu alisafiri mwaka wa 1300, hajakosea: mwaka huo ulianza Novemba 1882, na safari ya Thomson na Jumbe Kimameta ilianza ndani yake. Mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku zipatazo kumi na moja, basi usitoe tu wala kujumlisha kwa kubahatisha. Tumia jedwali la tarehe.

Na liko la tano, ambalo si la kujihadhari bali la kusikitisha. Wanawake hawamo. Askari na wapagazi wengi walioa huko huko, katika Wamasai, Wakikuyu, Wanandi na Watugen. Karatasi humwita bibi huyo "mke wa askari" na kumaliza. Kumbe nusu ya damu ya Waislamu wa Bonde la Ufa imetoka kwake, na wajomba wa kweli wa watoto wake wako umbali wa mwendo wa siku moja, wala hakuna aliyewatafuta. Jina lake halimo katika karatasi yoyote. Limo kinywani mwa bibi mzee, kama yungali hai.

NA WAHINDI WA RELI?

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, ikafika ziwani Kisumu Desemba 1901, na Nakuru yenyewe ikatangazwa mji mwaka 1904. Kujenga reli hiyo walipakiwa melini makuli na mafundi 31,983 kutoka Bara Hindi, Waislamu wa Punjab wakiwa wengi kati yao, na mmoja wa wakandarasi wakubwa alikuwa A. M. Jeevanjee, Bohora wa Karachi. Katika hao, 2,493 walikufa kazini na 6,724 wakabaki Afrika ya Mashariki. Makampuni na reli huhesabu vizuri watu wanaowalipa. Ndiyo maana mjukuu wa fundi wa Kipunjabi mara nyingi ana njia iliyo wazi kuliko mjukuu wa Mswahili aliyembebea fundi huyo maji.

KARATASI NA HAKI

Kwamba jambo hili si la fahari tu, mfano wa Wanubi unatosha. Kwa miaka mingi hesabu ya watu iliwaweka katika fungu la "Wengineo". Watu wasiokuwa na jina katika hesabu hawana jina ofisini, na kijana wao akaambiwa aende akaitafute asili yake kwao Sudan, nchi ambayo hata babu yake hakuijua. Jina lao liliingizwa katika orodha ya hesabu ya mwaka 2009. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Haki za Mtoto ya Umoja wa Afrika iliamua kwamba watoto wa Kinubi wa Kenya walinyimwa haki yao ya uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2017 wakapewa hati ya ardhi ya ekari 288 huko Kibera, katika ile iliyokuwa ekari elfu nne na zaidi.

Mwaka huo huo wa 2017 Wamakonde wa pwani ya kusini walitambuliwa kuwa kabila la Kenya, na mwaka 2023 wakafuata ndugu zetu Wapemba. Wote hao iliwabidi wathibitishe kwamba wazee wao walikuwako. Na kilichosaidia si karatasi peke yake wala maneno ya wazee peke yake. Ni karatasi iliyopata mzee wa kuisoma, na mzee aliyepata karatasi ya kumshuhudia.

ANZIA WAPI?

Mwenye nia asianzie London, na aanze nyumbani. Amkalishe mzee aliyepo, amwulize si jina la babu tu bali mambo madogo: alisali msikiti gani, alikula chakula gani, aliapa kwa lugha gani alipokasirika, nani aliyemwozesha, nani aliyemwosha alipokufa. Wimbo wa kubembeleza mtoto wenye neno moja la Kiyao ni ushahidi. Aandike mwaka, na jina la aliyesema.

Kisha aende kwa Kadhi. Sheria ya mwaka 1906 ilitaka ndoa na talaka za Kiislamu ziandikwe, na cheti cha ndoa kina baba wa bwana, baba wa bibi, walii na mashahidi. Mara nyingi shahidi ni ndugu, na kwa jina la shahidi huvumbuliwa ukoo mzima. Asome makaburi. Aulize hati za nyumba na za wakfu wa misikiti.

Halafu aingie Nyaraka za Taifa, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, katika lile jengo la iliyokuwa Benki ya India, barabara ya Moi mjini Nairobi. Humo aombe taarifa za kila mwaka za wilaya za Nakuru, Naivasha na Ravine. Asisahau Tume ya Ardhi ya Carter, ambayo mwaka 1934 ilichapa majuzuu matatu ya ushahidi wa watu wa kila namna kwa majina yao. Mwenye fununu ya ukoo wa Rabai au Frere Town na amwendee padri wa huko kwa heshima, aombe kuonyeshwa daftari. Kuuliza habari za damu yako hakukupunguzii dini.

Nakuru ilifanywa jiji Desemba 2021. Majiji hubomoa nyumba za zamani, na makaratasi yaliyokuwa darini hutupwa pamoja na mabati. Huku pwani, mchwa na chumvi vinafanya kazi ile ile bila ya kelele. Lakini hasara kubwa zaidi haiko darini. Iko kitandani, kwa bibi yule wa miaka tisini ambaye kila siku twapita mlangoni pake, tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, tukaenda zetu.

Leo baada ya Isha, msomaji, usiende zako. Keti. Mwulize yule aliyepanda bara aliitwa nani, na mamake aliitwa nani. Na wewe uliye Bondeni au Ravine, mwandike babu yako, uilete karatasi hiyo pwani. Huenda iko nyumba Mji wa Kale ambako jina hilo hilo bado linatajwa kila mwaka katika hitima, na wanaolitaja hawajui kama mwenyewe aliacha watoto.